Miiba ya Jirani

Mbuzi hula kulingana na urefu wa kamba yake. Wakenya tunaipenda hii methali, hasa tukitaka kumtetea mtu wetu aliyekula pesa za umma. Lakini nadhani aliyeitunga alikuwa anaangalia kamba tu, hakumwangalia mbuzi. Ukimwangalia mbuzi mwenyewe utaona kwamba hata ndani ya ule mduara mdogo hali kila kitu. Anaruka hiki, anang'ata kile, anarudi nyuma hatua mbili, anaacha jani zuri kabisa limesimama. Na ukikaa naye kwa muda utagundua kitu cha ajabu: mmea anaoukataa hapa, anaula pale. Mmea ni uleule, mbuzi ni yuleyule. Kilichobadilika ni majirani wa huo mmea.

Wanasayansi wa mazingira wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 50. Wazo lenyewe halina ugumu. Mmea kuliwa au kuponea hakutegemei tu ladha yake, sumu yake au miiba yake. Kunategemea pia nani ameota kando yake. Mtamu aliyejificha katikati ya wachungu anaweza kupitwa. Na yule wa kawaida tu, asiye na makuu, akiota kando ya mtamu sana anaweza kumalizwa kwa sababu mnyama ameshafika pale na mdomo umeshafunguka.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani nasoma juu ya majani. Baada ya kurasa chache nikawa nawaza juu ya mtaa ninaokaa.

Twende Laikipia kwanza. Kaskazini ya Nanyuki kuna kituo cha utafiti cha Mpala, kwenye nyika kavu ya migunga, ndovu, twiga, swala pala na digidigi, na mifugo ya watu pia. Mwaka 2018 mtafiti Tyler Coverdale na wenzake walichapisha kazi waliyofanya katika nyika hiyo. Walichukua mimea ya familia nne tofauti, ikiwemo familia ya mpungate na ile ya mnyanya na mtunguja, yote ikiwa mimea inayojilinda kwa miiba. Wakalinganisha iliyoota chini ya migunga na iliyoota wazi, mbali na mti wowote. Spishi ileile, udongo wa nyika ileile. Iliyoota chini ya mgunga ilikuwa na miiba pungufu kwa asilimia 39 hadi 78. Na ile ya nje ilikuwa inaliwa mara 4 hadi 16 zaidi.

Kufikia hapo mtu anaweza kusema, sawa, pengine ni kivuli, pengine chini ya mti kuna mbolea. Kwa hivyo wakafanya jambo la pili. Walichukua baadhi ya mimea hiyo wakaikata, kana kwamba mnyama amepita akaila. Ile ya nje, ndani ya mwezi mmoja tu, iliongeza wingi wa miiba kwa asilimia 16 hadi 38. Ile ya chini ya mgunga haikuongeza kitu. Na ile iliyokuwa imezungushiwa ua kwa miaka mingi, wanyama wasiingie, nayo haikuongeza kitu. Ilikatwa, ikanyamaza.

Sasa hebu nikuulize. Ukipewa matawi mawili ya mmea mmoja, moja laini na moja limejaa miiba, ukaambiwa uchague lipi ni tabia halisi ya mmea huo, utachagua lipi?

Swali hili linanisumbua kwa sababu binadamu tunalijibu kila siku bila hata kufikiri. Tunasema fulani ni mpole, ana heshima, amelelewa vizuri. Tunasema fulani ni mkali, ana kisirani, haongeleshwi. Tunazungumza kana kwamba upole ni kitu mtu alichokiokota mwenyewe akakiweka mfukoni, na ukali ni uchafu aliokataa kuuosha. Ni mara chache tunauliza huyu mpole ameota chini ya mgunga gani.

Lakini kabla sijafika kwa watu, wacha nimalizane na mnyama, kwa sababu mnyama ndiye anayechagua na kuchagua kwake si kwa kiholela.

Kule Sweden, Ulrika Alm Bergvall na wenzake waliwapa kulungu wa Ulaya chakula kilichotiwa tanini kwa viwango tofauti. Tanini ni ile dutu inayoleta ukakasi, ule mkwaruzo unaousikia mdomoni ukinywa chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi au ukiuma ndizi mbichi. Waliweka vyombo vya chakula kwa vikundi: kikundi kimoja kina vyombo vingi vyenye ukakasi na kimoja kizuri, kingine kina vyombo vingi vizuri na kimoja chenye ukakasi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Chakula kizuri kilichowekwa katikati ya vibaya kililiwa zaidi kuliko ambavyo kingeliwa kikiwa na wenzake. Na kile kibaya kilichowekwa katikati ya vizuri kililiwa kidogo zaidi. Yaani mnyama akishatia kichwa kwenye sahani, hapimi kila tonge kivyake. Analinganisha tonge na tonge.

Huko nyuma kidogo, kabla hajafika kwenye sahani, mambo hugeuka. Kutoka mbali mnyama anachagua eneo, hachagui jani. Eneo likionekana baya analipita lote, na jani zuri lililomo ndani linaponea bila mwenyewe kufanya lolote. Eneo likionekana zuri anaingia, na mimea ya wastani iliyomo inajikuta kwenye njia ya meno. Kwa hivyo jirani mbaya anaweza kukuokoa au kukuangamiza, kutegemea mlaji anaangalia kutoka wapi. Kutoka mbali anakuficha. Kutoka karibu anakuanika.

(Kuna utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, wa kina Provenza na Villalba, ulioonyesha kwamba kondoo wakipewa vyakula vyenye sumu za aina tofauti pamoja, wanakula zaidi kuliko wakipewa sumu ya aina moja pekee. Mwili hushughulikia kila sumu kwa njia yake, kwa hivyo kila moja inapata foleni yake. Sina la kuongeza juu ya hili ila kwamba nimehudhuria mikutano ya familia na nimeelewa papo hapo.)

Rudi sasa mtaani. Msomaji wa umri wangu aliyetafuta kazi Nairobi anajua kwamba kuna swali moja katika mahojiano ambalo si swali: "Na unakaa wapi?" Anayeuliza anatabasamu. Anataka kujua utafikaje kazini mapema, ndivyo anavyosema. Najua watu waliojifunza kutaja barabara kubwa iliyo karibu badala ya kutaja mtaa wenyewe. Najua dada mmoja ambaye kwa miaka miwili alikuwa anashuka kwenye gari la mwenzake wa kazi kwenye geti la ploti isiyo yake, anapunga mkono, anasubiri gari lipotee, kisha anavuka reli kwenda kwake. Hakuwa muongo kwa kawaida yake. Alikuwa amegundua jambo ambalo kulungu wa Sweden walilithibitisha: wanaokuchagua hawakuonji wewe. Wanaonja sahani.

Na huyu dada kazi yake ilikuwa nzuri. Lakini alijua pia ule upande wa pili, kwamba akijulikana anakotoka atageuka kuwa lile tonge zuri katikati ya mabaya. Ataambiwa, kwa furaha kabisa, "Wewe huonekani kama mtu wa kule." Hiyo nayo ni sifa ya aina gani? Ni sifa inayokula majirani zako wote ili wewe upendeze. Kuna watu wamejenga maisha yao yote juu ya sifa hiyo, na siwalaumu, maana njaa ni njaa. Lakini sifa ya namna hiyo ikishatolewa, lazima wenzako waendelee kuwa wabaya ili wewe uendelee kuwa mzuri.

Halafu kuna wale wasiopata hata nafasi ya kuonjwa. Kijana amesimama nje ya duka usiku na wenzake wanne. Msako unapita. Mmoja kati ya hao watano ana bangi mfukoni, na wote watano wanalala ndani. Tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na tunaisema kama hekima, kumbe tunaeleza tu jinsi mlaji anavyochagua eneo badala ya kuchagua jani. Mbuzi hawezi kushtakiwa kwa hilo. Mbuzi ana muda mchache, tumbo kubwa, na hana wajibu wowote kwa kichaka. Lakini mtu aliyeapishwa, anayelipwa mshahara ili atenganishe jani na jani, akichagua kama mbuzi, huyo tuna haki ya kumuuliza.

Hapa nadhani ndipo penye tofauti kati ya elimu ya mimea na elimu ya maadili, na sitaki kuiruka. Kueleza kwamba viumbe huchagua kwa kulinganisha si sawa na kusema inafaa tuchague hivyo. Ukiwa unanunua nyanya kwa mama mboga, linganisha upendavyo, chagua fungu. Ukiwa unaajiri, unahukumu, unasahihisha mtihani, unamkaribisha mkwe, umekabidhiwa kazi ambayo maana yake nzima ni kumwona mmoja kivyake. Kazi hiyo ni ngumu na inachosha, ndiyo sababu tunaikwepa. Lakini kuikwepa hakuigeuzi kuwa kazi nyingine.

Nirudi kwa miiba sasa, kwa sababu huko ndiko kunakoniuma zaidi.

Katika majengo ninayokaa tuna soja. Anakaa kwenye kibanda cha mabati kando ya geti, zamu ya saa 12, jua na baridi. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp malalamiko juu yake hayaishi. Ana kiburi. Amemzuia mgeni wa mtu dakika kumi. Amemjibu mama fulani vibaya. Hacheki. Amemuuliza mleta chakula kitambulisho kana kwamba ni jambazi. Watu wanaoandika hayo ni watu wazuri, nawajua, wanaachiana funguo, wanakopeshana sukari na gesi, mtoto wa mmoja anashinda kwa mwingine. Hakuna mtu anayefunga mlango mchana. Ule ulaini wote wa ndani, ambao ni wa kweli na mimi naupenda, umeota chini ya mgunga mmoja mwenye sweta ya buluu. Sisi tunamlipa awe na miiba. Halafu tunamlalamikia kwamba anachoma.

Na yeye jioni ikifika, zamu ikiisha, anarudi kwake ambako hakuna soja. Miiba yake haibaki kwenye kibanda pamoja na rungu. Anakwenda nayo.

Mnamo 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walijadiliana juu ya kitu walichokiita bahati ya kimaadili. Nagel alitoa mfano mmoja ambao hauniachi. Kuna mtu aliyekuwa afisa katika kambi ya mateso ya Wanazi ambaye, kama Wanazi wasingeshika madaraka, huenda angeishi maisha ya kimya yasiyomdhuru mtu. Na kuna Mjerumani aliyehamia Argentina mwaka 1930 kwa ajili ya biashara zake, akaishi huko kwa amani, ambaye kama angebaki huenda angekuwa yule afisa. Huyu wa Argentina tunamwita mtu mwema. Wema wake ni wa nani? Wake, au wa tiketi ya meli?

Mimi sidhani jibu ni kwamba hana wema wowote. Ulaini wa mmea ulio chini ya mgunga ni ulaini kweli, ukiugusa haukuchomi. Lakini nadhani kuna kitu kimoja anakipoteza yule wa Argentina, nacho ni haki ya kujisifu mbele ya waliobaki. Mtu anaweza kufurahia upole wake, akaushukuru, akautumia. Hawezi kuutumia kama fimbo ya kumchapia mwenye miiba.

Najua mtu atasema: basi kwa hesabu yako hakuna wa kulaumiwa. Baba anampiga mtoto kwa sababu alikulia mahali pabaya, ndivyo mimea inavyofanya, tumsamehe. Hapana. Pingamizi hili ni zito na nimekaa nalo muda mrefu. Katika nyika, miiba humwelekea mlaji. Kwa binadamu, mara nyingi mlaji ameshaondoka, au hafikiki, au ana bunduki, na miiba inabaki ikimchoma aliye karibu: mke, mtoto, mdogo wako, mteja wa kwanza asubuhi. Mtoto hakumla baba yake. Kujua miiba ilitoka wapi kunaeleza kwa nini ipo. Hakumpi mtu ruhusa ya kumchoma asiyehusika. Zaidi ya hayo, mmea hauna namna ya kusimama ukajitazama ukasema, huyu aliye mbele yangu si swala. Sisi tunayo. Inachelewa, inachosha, wengine tunahitaji miaka na msaada wa mtu mwingine kuipata, lakini tunayo. Kwa hivyo lawama ipo. Ninachokataa ni lawama inayotolewa kutoka kivulini na mtu ambaye hajawahi kukatwa tawi hata moja.

Na kuna jambo lingine katika ule utafiti wa Mpala ambalo lilinifanya nisome ukurasa uleule mara tatu. Watafiti walihesabu maua. Mimea ya chini ya mgunga na ile ya nje ilitoa maua kwa idadi inayokaribiana. Ukiangalia maua tu ungesema, mbona wote wako sawa, kila mmoja na jitihada zake. Tofauti ilionekana kwenye miche. Miche iliyoota na kuishi chini ya migunga ilikuwa mingi kwa mbali sana kuliko ile ya nje.

Sisi hupenda kuhesabu maua. Tunamtafuta kijana mmoja kutoka mtaa wa mabanda aliyepata alama ya A, tunampiga picha na mama yake, tunaweka magazetini, tunasema mmeona, inawezekana. Ua ni zuri kweli na limemgharimu. Lakini maua hayakuwa tatizo tangu mwanzo. Akili ipo kila mahali, jitihada ipo kila mahali, pengine nje ipo zaidi. Kivuli hakikupi ua kubwa. Kinampa mwanao nafasi ya kukosea mara tatu bila kuliwa. Mtoto wa kivulini akifeli mwaka wa kwanza, anahamishiwa chuo kingine. Akikamatwa na wenzake, kuna mjomba wa kupigiwa simu. Wa nje akiteleza mara moja, mnyama yuko hapo hapo.

Lakini pia usidhani kivuli ni cha milele. Kumbuka ile mimea laini iliyokatwa ikanyamaza. Huo ulaini una hatari yake. Katika udongo mweusi wa Laikipia kuna mgunga mwingine, ule mfupi wenye vinundu vinavyopiga mluzi upepo ukipita. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi wakali wanaomtoa ndovu mbio kwa kumvamia puani. Mti unawapa nyumba na utamu, wao wanaulinda. Januari 2024, Douglas Kamaru na wenzake walichapisha habari ya sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa walioingia nyika hiyo na kuwaua wale walinzi. Walipofika hao wageni, ndovu walivunja miti mara 5 hadi 7 zaidi. Pori likawa wazi. Simba waliozoea kujificha kwenye ile miti wakakosa maficho ya kuvizia punda milia, ikabidi wageukie nyati. Mdudu wa kukaa kwenye ukucha amebadilisha chakula cha simba.

Nimeona watu wakianguka namna hiyo. Baba anakufa, au anafutwa kazi, au kesi inamaliza ardhi, na ndani ya muhula mmoja watoto waliokuwa hawajui kupanda matatu wanakaa chumba kimoja mahali ambapo hawajui salamu ya kibarazani. Wanakatwa na hawaoti miiba. Majirani wapya wanawacheka kwanza. Halafu, mara nyingi kuliko unavyodhani, mmoja wa wale wenye miiba anasogea kando yao: anawaambia usipite ile njia baada ya saa mbili, huyo mwenye duka anapunja, simu weka ndani. Ninapofikiri juu ya ujirani mwema hilo ndilo linalonijia, kuliko vile vikombe vya sukari. Coverdale na wenzake waliwahi kuonyesha pia, mwaka 2016, kwamba ndovu akiuangusha mgunga, matawi yake yakilala chini na miiba yake yanawafungia wanyama njia, na mimea midogo inaponea ndani ya mti ulioanguka.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko China, mwanafalsafa Mencius alitumia mfano wa mlima uliokuwa karibu na mji mkubwa. Mlima ulikuwa na miti ya kupendeza. Watu wakaikata kwa mashoka. Usiku na mvua vikaleta machipukizi mapya, lakini ng'ombe na kondoo wakawa wanapita kila siku na kuyala, mpaka mlima ukawa kipara. Watu wakiuona wanadhani haukuwahi kuwa na mti. Mencius akauliza kama kweli hiyo ndiyo asili ya mlima. Alikuwa anazungumza juu ya watu, na juu ya wepesi wetu wa kumwangalia mtu aliyeliwa kila siku na kusema, ndivyo alivyoumbwa.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kivuli, na inasemekana alijua. Wachina husimulia kwamba mama yake alihama mara kwa mara kwa ajili yake. Kwanza walikaa karibu na makaburi, mtoto akawa anaiga maombolezo na kuchimba vijikaburi. Mama akahama. Wakakaa karibu na soko, mtoto akawa anaiga wachuuzi wanavyonadi. Mama akahama tena. Wakakaa karibu na shule, mtoto akaanza kuiga wasomi na adabu zao, na mama akasema hapa panatosha.

Huyo mama ninamheshimu, na kila mzazi wa Nairobi anayejinyima ili ahamie mtaa wenye shule anafanya kama yeye. Mmea hauwezi kuhama. Mtu mwenye kodi ya mwezi mmoja mfukoni anaweza. Ila nimejaribu kufikiri juu ya watoto wengine waliokuwa wakicheza na yule mvulana pale makaburini, waliobaki baada ya mkokoteni kuondoka na vyombo. Masimulizi hayawataji.